Shati la Mawimbi kwenye Mkono wa Odeta

Niliwahi kunaswa ndani ya nguo mchana kweupe, mbele ya watu waliokuja kunipa kazi, nikatolewa kwa mkasi. Naanza na hilo kwa sababu ninyi vijana mliobaki barazani mtasimuliwa na wengine, na wengine watatia chumvi. Haina haja. Ilivyokuwa tu inatosha.

Nguo yenyewe ilitoka kwenye belo la chaguwa, robota la zile nguo kuukuu za ng'ambo zilizotulisha sote pale senta ya kambi ya wakimbizi. Ilikuwa nyeusi, nene kama mpira wa ndani wa tairi, ina mikono na miguu, na zipu ndefu iliyoning'iniza kamba kama mkia wa mbuzi. Dereva mmoja wa boda boda aliitaka kwa ajili ya mvua. Akaniuliza, "Sasa hii banavalaka namna gani, Fundi?" Mtu mwenye akili angesema sijui. Lakini fundi akisema sijui mbele ya mteja, mteja anahamia cherehani ya jirani. Ovaroli zote nilizowahi kushona zilikuwa na zipu mbele, basi nikaingia ndani ya ile nguo zipu ikiwa mbele, nikaipandisha mpaka kooni.

Ilinivuta mabega nyuma kama askari anayekaguliwa. Jua lilikuwa utosini. Jasho likaanza, na jasho lilipoanza ile nguo ikanata, na kamba ya zipu ikakatikia mkononi mwa dereva wa boda aliyekuwa akinisaidia. Mama Esperansi, Mrundi anayekaanga muhogo pembeni ya baraza letu, akainua kichwa.

"Ewe Fundi, unafanya nini humo ndani?"

"Nakufa."

"Ufe polepole basi, muhogo wangu utaungua."

Alimaliza kugeuza muhogo. Kisha akaja na mkasi wangu wa kitambaa, ambao hata mke wangu haruhusiwi kukatia karatasi, akanipasua kuanzia kooni hadi kitovuni kama anayechuna sungura. Dereva wa boda alinunua koti la kawaida.

Lakini kabla hajafika na mkasi nilikaa humo muda wa kutosha kujifunza jambo moja. Ile nguo haikunibana mahali pamoja, kama mkanda au lastiki inavyobana. Ilinibana kote sawasawa, kama mkono wa mtu anayekusalimia na hataki kukuachia. Niliona ni udhia tu. Miaka ilipita kabla sijajua kwamba kuna mtu angehitaji kubanwa hivyo hivyo, na kwamba lingekuwa jambo la kulima au kutolima.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilitoka Uvira mara moja tu maishani, na hata siku hiyo sikutoka, nilikimbia. Bahari sijaiona. Ziwa la Nakivale naliheshimu kwa mbali, kwa sababu ya viboko. Nilipofika hapa Uganda nilikuwa na shule ya sekondari isiyomalizika na vidole vinavyojua sindano, na Mzee Sadoki akanipa kiti cha mwisho kwenye baraza lake la bati. Cherehani zilikaa mstari mmoja kuelekea njia. Siku ya kwanza mteja alipotokea nikainuka kumwita kwa mikono miwili. Mzee Sadoki akanitazama mpaka nikakaa.

"Mutoto wa watu," akaniambia, "muteja ni wa ule anakaa karibu na njia. Akisha kupata, anarudi nyuma, mwingine anasogea. Ukivuta muteja wa mwenzako, leo utakula, kesho utashona peke yako."

Ndiyo sheria mliyoikuta, na ndiyo mnayoivunja sasa kwa kupiga simu kwa wateja wangali njiani. Siwalaumu. Nawaambia tu kwamba nimeona.

Jambo la pili alilonifundisha ni kusoma nguo kabla ya kuikata. Suruali ya mwalimu huisha makalioni, ya mkulima magotini, ya mlevi kisiginoni. Basi zikaanza kuja kaptura za aina moja, ndefu mpaka chini ya goti, zenye maua makubwa, kamba mbele badala ya vifungo, kitambaa kinachokauka ukishakipungia upepo mara mbili. Nyingi zilikuwa na madoa magumu meupe mapajani. Nta. Mama Esperansi alizichukua akanusa. Yeye ni Mkatoliki wa kuamka na rozari.

"Hii ni mishumaa," akasema. "Hawa ni watu wa mkesha. Wanapiga magoti mpaka nta inawadondokea."

"Wakiwa na kaptura za maua?"

"Mungu anaangalia moyo, Fundi."

Tukaamini. Kwa muda mrefu kaptura zile tuliziuza kwa heshima. Nta niliitoa kwa kuweka karatasi ya mfuko wa unga juu ya doa na kupitisha pasi ya mkaa. Inayeyuka, karatasi inainywa. Ilinukia kama tunda nisilolijua. Pamoja nazo zilikuja fulana za mikono mirefu, nyembamba, zinazovutika kila upande na kukamata mwili kama ngozi ya pili, na zote zilikuwa zimesuguliwa tumboni. Mzee Sadoki alizigeuza, akasema, "Hawa watu banalala kwa tumbo juu ya kitu, na si kwa kusali." Hakuishi kujua alivyokuwa karibu na ukweli. Tulimzika na utepe wake wa kupimia mfukoni.

Aliyetufumbulia ni Bahati, aliyeshona kiti cha pili kutoka kwangu mpaka familia yake ilipopelekwa Australia, kwenye mji mdogo wa pwani. Alipata kazi ya kufua mashuka ya nyumba ya wageni, na kila Jumapili alinitumia ujumbe wa sauti. Siku moja alicheka kwanza, kisha akaanza kusema.

"Fundi, zile kaptura za mukesha, nimeona benyewe. Banalala juu ya ubao ndani ya maji, banangoja wimbi likuye, banasimama juu yake, linababeba. Ile nta banapakaa kwa ubao, wasiteleze. Na ile nguo ilikumeza, ni ya baridi. Zipu ni ya mugongo, Fundi! Kamba ni ya kuvuta nyuma!"

Baraza zima lilisikia. Mama Esperansi hakutubu. Alisema mtu anayesimama juu ya maji bila kusali kwanza ana kichaa.

Tangu hapo Bahati akawa macho yangu. Alinieleza jinsi wanavyokaa majini kwa mstari, kila mtu juu ya ubao wake, wakitazama upande mmoja kama watu kanisani. Wimbi ni la yule aliye karibu zaidi na mahali linapoanza kuvunjika. Ukimwingilia, watakuzomea, na wazee wa mahali watakutazama mpaka urudi ufukweni. Nilipomsikia nilimkumbuka Mzee Sadoki. Zamani, Bahati alisema, waliokaa pale walikuwa wanaume wa mtaa ule ule, wanaojuana kwa majina. Sasa wamejaa wasichana, akina mama, wageni wa kukodi ubao, na kila wa pili anataka kupigwa picha. Wengine wananuna. Yeye mwenyewe alijifunza, akawa mtu mweusi peke yake kwenye mstari ule, na mwanzoni kila wimbi lake lilichukuliwa na mwingine. Nikamuuliza aliendelea kukaa majini akingoja nini. "Zamu," akajibu. "Miye nilifunzwa kungoja zamu pale barazani. Sasa bananiachia."

Sasa nifike kwa Odeta.

Odeta ni Mkongomani wa milima ya juu ya Uvira, mwimbaji wa kwaya, mwenye shamba dogo upande wa ziwa linalomlisha yeye na mama yake kipofu. Sufuria ya mafuta ya kukaangia ilimpindukia, ikamuunguza mkono wa kulia kutoka bega hadi kiganja. Alikaa hospitali Mbarara mpaka tukaacha kuuliza atarudi lini. Aliporudi ngozi ilikuwa imefunga, lakini kovu lilikuwa linainuka na kukaza, na kiwiko kilianza kujikunja. Alikuja barazani akiwa na soksi ya mkono iliyotengenezwa kwa bendeji, imelegea.

"Fundi, banasema nitafute mushonaji. Mukono ukikunjama, ni basi. Jembe nitashika na nini?"

Nilimwambia sijui. Safari hii nililisema neno hilo mapema, maana mkasi niliukumbuka. Kesho yake nikapanda naye gari la asubuhi kwenda Mbarara, mimi ambaye hata sokoni humtuma mke wangu, nikalalamika njia nzima mpaka Odeta akanipa pipi kama mtoto.

Aliyetupokea ni Madamu Kobusingye, Mnyankore mfupi anayenyoosha viungo vya waliopata ajali na kuungua. Huyo ndiye mwalimu wangu wa pili baada ya Mzee Sadoki, na sijui kama analijua hilo. Alishika mkono wa Odeta kama mtu anayeshika mtoto wa mwenzake, akasema kwa Kiswahili cha kwao, kinachotia "na" kwa kila mtu na kila kitu.

"Mzee, ona hii. Kovu nataka kubanwa, usiku na mchana, nakaa chini. Ukiacha, nainuka. Lakini usibane sana, bambi. Ukibana sana damu nakataa kupita. Unaangalia kucha. Kucha nabadilika rangi, unatoa."

"Kitambaa gani?"

"Kinavutika huku na huku, kinarudi. Kinabana sawasawa mkono yote. Ya dukani natoka mbali sana, hatuna."

Sawasawa mkono wote. Mabega yangu yalikumbuka kabla ya kichwa.

Niliporudi nilichukua fulana moja ya mawimbi, nikaigeuza kuwa mkono mmoja. Nawaandikia namna yake, kwa sababu hakuna atakayewaandikia. Pima mkono kila upana wa vidole vinne, kutoka kifundo hadi kwapa, maana mkono si bomba. Punguza kidogo kwenye kila kipimo, kidogo tu. Mara ya kwanza nilipunguza kama fundi wa suruali na vidole vya Odeta vikawa kama soseji, tukauvua haraka. Usitumie mshono ulionyooka, utakatika akikunja kiwiko. Tumia zigizaga nyembamba, ukikivuta kitambaa kidogo chini ya sindano. Mshono uwe nje, usiguse kovu. Watu walimcheka Odeta kanisani kwamba amevaa nguo ndani nje, akawajibu kwamba ngozi yake ndiyo iliyogeuka, nguo imefuata. Mshonee mgonjwa miwili, mmoja uvaliwe, mwingine ufuliwe. Na usianikwe juani. Jua huua ule mvutano.

Hata kivulini mvutano hufa baada ya miezi michache. Kwa hiyo kila mara nilihitaji fulana nyingine, na belo zilizileta, bluu, nyeusi, zenye maandishi kifuani nisiyoyajali. Kovu likaanza kulala. Kiwiko kikaanza kufunguka. Madamu Kobusingye alipomwona alisema, "Kare, tunaendelea." Nilirudi nyumbani siku hiyo bila kulalamika, na Odeta akauliza kama naumwa.

Kisha Bahati akatuma ujumbe mwingine.

"Fundi, huku kubana kumeisha. Vijana bote banavaa kamisa ya kulegea, rangi ya udongo, mikono mpana kama ya padri. Na kaptura zimekuwa fupi, mapaja inje. Ukivaa ya kubana banakuita muzee."

Niliuchezesha ujumbe ule mara tatu. Tulicheka barazani, na dereva wa boda akauliza kama sasa mapadri wameanza kupanda mawimbi. Mimi, niliyekuwa nashona mkono wa Odeta kwa mikono hii, nilicheka kuliko wote. Mtindo wa kule hauji kwetu kwa ndege. Watu wanauvaa, wanauchoka, wanautoa, unafungwa kwenye belo, unavuka bahari. Unafika baada ya wewe kusahau kwamba uliambiwa.

Ulifika. Belo likafunguliwa, fulana zikatoka, kila moja imelegea kama gunia, kitambaa laini kisichovutika. Vijana wa kwaya walizigombania. Belo lililofuata, hivyo hivyo. Odeta alikuja na mkono wa fulana uliolegea kiwikoni.

"Hamuna?"

"Zitakuja."

Hazikuja. Nilijaribu kukunja kitambaa mara mbili, kikabana mahali pamoja na kuacha pengine. Nilichukua ile nguo nyeusi iliyonimeza, iliyokuwa imetundikwa ukutani kama ngozi ya mnyama, nikamkatia mkono humo. Ilibana vizuri. Lakini ilimpika, ngozi ikalowa jasho ikachubuka, na Madamu Kobusingye alipoiona akaifungua bila kunigombeza, akasema tu, "Hapana hii, mzee." Ningependa angenigombeza.

Msimu wa kupanda ukaingia. Kovu likainuka tena, jekundu, kama mizizi iliyo juu ya udongo. Nilipita shambani kwa Odeta nikamkuta ameketi ukingoni, jembe limelala, na wanakwaya wawili wanamlimia. Mama yake alikuwa anapapasa maharage ya mbegu kwenye ungo.

"Fundi," Odeta akasema, "nikiamuka asubui naukuta mukono umelala kwa kifua, kama mutoto. Nauamusha, hautaki. Hawa benzangu watanilimia musimu huu. Ule mwingine je?"

Mama yake, ambaye macho hayaoni lakini masikio yanatosha watu wawili, alisema, "Usimuulize ule kitu hana." Nilitembea kwenda nyumbani nikaona njia ni ndefu.

Nilimtumia Bahati ujumbe, na sikucheka. Nikamuuliza: pale majini, nani bado anabana?

Akajibu kesho yake, kwa sauti ya chini, nyuma yake mashine za kufulia zinaunguruma. "Babu na batoto, Fundi. Babu kwa sababu bamezoea. Batoto kwa sababu ya jua, bamama banabafunga kama sambusa. Babu hawatoi nguo mpaka bafe. Lakini batoto banakomaa."

Watoto wanakua! Ninyi mnajua tulivyofanya kazi: belo la watu wazima lilikuwa letu, belo la watoto la akina mama wa upande wa pili wa njia, na hakuna fundi wa suruali aliyewahi kutia mkono humo. Nikapanda tena gari la asubuhi, peke yangu, bila pipi, mpaka Nyamityobora, mtaa wa Mbarara, kwa Hajati mmoja anayefungua belo za watoto uani kwake. Akaniangalia nilivyopiga magoti katikati ya vigauni.

"Sebo, wewe bado nazaa?"

"Hapana, Hajati. Nina mkono mmoja wa kuvisha."

Akafikiri mimi ni mgonjwa wa kichwa, lakini akanivutia marobota mawili zaidi. Na zilikuwamo, ndogo, zinazokamata, zimejaa samaki wa zambarau, pweza, na papa anayecheka meno nje. Kiwiliwili cha fulana ya mtoto, ukikifungua ubavuni, kinatosha mkono wa mwanamke anayelima. Nilizibeba zote zilizokuwapo.

Odeta aliuvaa wa papa kwanza. Watoto wa kanisani walimfuata mpaka nyumbani. "Nimegeuka ziwa," akasema, na ndiyo mara ya kwanza baada ya muda mrefu kumsikia akitania. Mwezi baada ya mwezi kovu lilishuka. Kiwiko kilifunguka, kikafunguka, kisha kikafika mahali kikagoma. Madamu Kobusingye alipima akasema kilichobaki ni cha kisu, akitaka. Odeta alisema mvua zimekaribia, hataki kulala tena hospitali. Akashika jembe. Mkono wake haunyooki wote. Ukimtazama akilima, utadhani anaficha kitu kwapani.

Nimestaafu kwa sababu ya macho. Uzi na tundu la sindano vimeacha kuelewana mbele yangu. Cherehani mnayo, vipimo vya Odeta na vya wengine wawili walioungua Madamu aliotuletea mnavijua, na belo la watoto sasa mnalipigania na wale akina mama kwa adabu, natumaini. Bahati anasema kule kubana kumeanza kurudi kwa wachache. Sikucheka. Nilimwomba aniambie kila atakachokiona.

Mchana nakaa kwenye kigoda cha Mama Esperansi, nakula muhogo wake, naingilia kazi yake. Odeta hupita hapo akitoka shambani, jembe begani. Kila anapopita naupima mkono wake kwa macho haya mabovu, nahesabu ile misimu ya fulana zilizolegea. Juzi nilisema kwa sauti, bila kukusudia, kwamba kama ningeusikiliza ule ujumbe badala ya kuuchekea, nikatafuta mapema, ungenyooka wote.

Mama Esperansi hakuinua kichwa. Aligeuza muhogo upande wa pili, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Odeta analima, Fundi. Ni weye tu umebaki ndani ya ile nguo."